Panya wa Kulishia na Afya ya Nyoka wa Kufugwa

Ufugaji wa nyoka majumbani, ambao wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huuona kuwa jambo la ajabu, umekuwa shughuli ya kawaida katika nchi kama Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambako chatu wa kifalme wa Afrika Magharibi, boa wa Amerika ya Kusini na nyoka wa mahindi wa kusini mwa Marekani hukaa katika vizimba vya kioo sebuleni na hula takriban chakula kimoja tu maisha yao yote, nacho ni panya. Panya hao hawategwi maporini, bali huzalishwa kwa wingi katika majengo maalumu, huuawa kwa hewa ya ukaa, hupangwa kwa ukubwa kuanzia vitoto vya siku moja visivyo na manyoya hadi panya wazima, hugandishwa, kisha huuzwa madukani wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Vituo vya nyoka vya Afrika Mashariki, kikiwemo cha Bio-Ken huko Watamu kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, navyo hukabiliwa na suala lilelile la kuwapatia nyoka mlo usio na madhara. Kwa kuwa nyoka hummeza mnyama mzima, pamoja na utumbo wake na vyote vilivyomo, ni haki ya mfugaji kuuliza iwapo panya anaweza kumletea mlaji wake maradhi.

Jibu la swali hilo hutegemea ni panya gani anayezungumziwa, alikotoka, alivyouawa na alivyohifadhiwa. Yanayojulikana hadi sasa yanaonyesha kwamba panya aliyezalishwa katika mazingira safi na kugandishwa vizuri humwambukiza nyoka kwa nadra sana. Kwamba madhara mengi yanayodhaniwa kuwa maambukizi hutokana na joto la kizimba, sumu au meno ya panya aliye hai. Na kwamba katika visa vilivyofuatiliwa kwa makini zaidi, aliyeugua kwa sababu ya panya wa kulishia hakuwa nyoka bali binadamu aliyemshika panya huyo.

Ili kuelewa kwa nini nyoka anaweza kumeza mzoga uliojaa bakteria asipate dhara, inafaa kutazama jinsi tumbo lake linavyofanya kazi. Mtafiti wa Marekani Stephen Secor na wenzake, waliomchunguza chatu wa Burma kwa miaka mingi, walionyesha kwamba chatu aliyekaa wiki kadhaa bila kula huwa na tumbo ambalo karibu halina asidi kabisa, ambapo pH, yaani kipimo cha uasidi kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi kuwa kali, husimama kwenye 7 au zaidi. Lakini akishameza windo, kipimo hicho hushuka hadi kati ya 1 na 2 katika muda wa siku moja hivi, na hubaki huko kwa siku kadhaa mpaka nyama na hata mifupa ya windo imeyeyuka. Wakati huohuo utumbo mwembamba huongezeka uzito hadi kufikia maradufu, na moyo wenyewe, kama ulivyopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, unaweza kukua kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili tu. Bakteria wengi walioingia pamoja na panya huishia katika asidi hiyo, na wale wanaonusurika hukuta utumboni jamii ya bakteria wengine waliokwisha kujijenga humo na kuzoeana na mwenyeji wao.

Kazi yote hiyo, hata hivyo, huendeshwa na joto la nje, kwa sababu nyoka hana uwezo wa kujitengenezea joto la mwili kama alivyo nao mamalia. Chatu wa kifalme, kwa mfano, huhitaji upande mmoja wa kizimba wenye joto la nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi ili amalize kumeng'enya mlo wake, na taa ya joto ikiungua usiku baada ya kulishwa, au kizimba kikiwekwa karibu na dirisha wakati wa baridi, asidi hutolewa kwa kiasi kidogo, misuli ya tumbo hulegea, na panya huanza kuoza kutoka ndani kabla hajayeyuka kutoka nje. Gesi ya uozo humvimbisha nyoka tumbo, na baada ya siku mbili au tatu hutapika mzoga uliovimba, wenye manyoya yanayong'oka na harufu kali mno. Mfugaji anayekuta hali hiyo asubuhi hulaumu panya na kwenda dukani kulalamika, ilhali panya alikuwa mzima na kilichokosekana ni joto. Kipimajoto cha bei nafuu kingemwonyesha chanzo hicho mapema kuliko kipimo chochote cha maabara. Madaktari wa wanyama hushauri nyoka aliyetapika apumzishwe kwa wiki mbili hivi kabla ya kulishwa tena, na aanze na windo dogo kuliko la kwanza, kwa sababu asidi iliyopanda na mlo huchubua koo lake na kutapika mara ya pili humdhoofisha haraka.

Miongoni mwa maradhi ambayo wafugaji huyahusisha na panya, yanayoogopwa zaidi ni yale ya kriptosporidia, yaani kimelea cha seli moja kinachoishi kwenye kuta za tumbo au utumbo. Aina inayomwathiri nyoka, Cryptosporidium serpentis, hufanya kuta za tumbo la chakula kunenepa mpaka uvimbe huonekana katikati ya mwili, humfanya nyoka atapike siku chache baada ya kila mlo na kukonda kwa miezi mingi, na hakuna dawa inayotegemewa kukiondoa. Panya nao wana kriptosporidia zao, lakini hizo ni za aina nyingine, zilizozoea mwili wa panya, na kwa kawaida haziwezi kustawi ndani ya nyoka. Hupita tu utumboni pamoja na mabaki ya mlo na kutoka katika kinyesi. Hapa pana hatari ambayo haizungumzwi inavyostahili, kwa sababu kinyesi cha nyoka mzima aliyekula panya mwenye kriptosporidia kikitazamwa kwa hadubini huonyesha vijiyai vya kimelea, na mtaalamu asiye mwangalifu anaweza kuandika kwamba nyoka ana ugonjwa usiotibika. Wapo nyoka wanaouawa kwa majibu ya namna hiyo, na ni jambo la kuhuzunisha kwa kuwa kipimo cha vinasaba, ambacho hutambua kimelea ni cha aina gani, hutofautisha kriptosporidia za panya na za nyoka bila shida kubwa. Kabla ya uamuzi wowote wa kumuua mnyama, kipimo hicho ni wajibu.

Hiyo haina maana kwamba panya hahusiki kabisa na kuenea kwa Cryptosporidium serpentis. Mfugaji mwenye nyoka wengi huwa na mazoea ya kuchukua panya aliyekataliwa na nyoka mmoja na kumpa mwingine ili asiharibike bure, na endapo yule wa kwanza ni mgonjwa, vijiyai vya kimelea vilivyogandamana na manyoya ya panya husafirishwa moja kwa moja hadi kwenye tumbo la mzima. Vijiyai hivyo vina ganda gumu lisiloharibiwa na dawa nyingi za kusafishia, hata jiki, na ndiyo maana panya aliyekataliwa hutupwa, hahamishwi kizimba. Katika hali hiyo panya hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa chombo tu.

Vipo pia vimelea ambavyo maisha yao yamegawanyika kati ya panya na nyoka, na hivyo ndivyo vinavyostahili kuogopwa pale panya wa porini wanapotumiwa kama chakula. Wanasayansi humwita mnyama anayebeba kimelea kikiwa bado kichanga mwenyeji wa kati, na yule ambamo kimelea hukomaa na kuzaa humwita mwenyeji wa mwisho. Sarkosisti, kimelea cha seli moja, hukaa ndani ya misuli ya panya katika vifuko vidogo, na panya akiliwa na nyoka hukomaa katika utumbo wa nyoka na kutoa vijiyai katika kinyesi. Aina iitwayo Sarcocystis singaporensis, inayozunguka kati ya panya na chatu wa Asia ya Kusini-Mashariki, humwathiri chatu kidogo sana lakini huwaua panya wakimeza vijiyai vingi, kiasi kwamba imejaribiwa nchini Thailand kama njia ya kupunguza panya mashambani. Wapo vilevile wanyama wa ajabu waitwao pentastomu, wenye mwili wa pingili kama mnyoo lakini ambao kwa nasaba wako karibu na kamba wa baharini. Hao huingia katika mapafu ya nyoka, hunyonya damu humo na huweza kukaa miaka. Armillifer, jamii ya pentastomu wanaoishi katika chatu na nyoka wengine wa Afrika, huwapitia panya kama mwenyeji wa kati, na binadamu naye huingia katika mzunguko huo kwa bahati mbaya anapokula nyama ya nyoka isiyoiva au kuishika ikiwa mbichi; huko Sankuru katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wameelezwa wagonjwa ambao vimelea hao walikutwa ndani ya macho yao.

Mizunguko yote hiyo ina sharti moja lisiloepukika, kwamba panya lazima kwanza ale kitu kilichochafuliwa na nyoka. Panya aliyezaliwa ndani ya jengo, akalelewa kwa chakula cha punje kilichotengenezwa kiwandani na maji safi, hana mahali pa kukutana na kinyesi wala makohozi ya nyoka, na kwa hiyo mzunguko hukatika kabla haujaanza. Hukatika pia kwenye friza, kwa sababu baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikidumishwa kwa wiki kadhaa huua minyoo, pentastomu wachanga, vifuko vya sarkosisti na utitiri uliojificha kwenye manyoya. Anayejizalishia panya nyumbani, akiwaweka chumba kimoja na nyoka na kutumia koleo na ndoo zilezile kwa wote, hupoteza faida hizo kwa mikono yake mwenyewe.

Kuhusu virusi, mfano unaofundisha zaidi ni ule wa ugonjwa wa boa na chatu ambao kwa miongo kadhaa haukujulikana chanzo chake, na ambao dalili zake ni kutapika, kupoteza mwelekeo, na kichwa kupinda kuelekea juu mpaka nyoka huonekana kana kwamba anatazama angani. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waligundua ndani ya nyoka wagonjwa virusi vya jamii ya arena, jamii ambayo hadi wakati huo ilijulikana kwa mamalia tu, hasa panya. Wasomaji wa Tanzania wanaweza kukumbuka kwamba panya shamba, anayetafutiwa dawa kila msimu wa mahindi, hubeba virusi vya jamii hiyohiyo, vikiwemo vile vilivyopewa jina la Morogoro baada ya kugunduliwa huko, na kwamba katika Afrika Magharibi panya huyohuyo ndiye anayeeneza homa ya Lassa. Ilikuwa rahisi, basi, kudhani kwamba panya wa kulishia ndiye aliyewapa boa ugonjwa wao. Lakini virusi vya nyoka vimeonekana kuwa tawi la peke yake, tofauti na matawi ya panya, na majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hustawi katika seli zilizowekwa kwenye joto la nyuzi 30 na hushindwa kwenye nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wa panya aliye hai. Nyoka huambukizana wao kwa wao, mama huwapa watoto wake, na utitiri wa nyoka, mdudu mdogo mweusi anayejificha chini ya magamba, umeshukiwa kwa muda mrefu kuvisafirisha.

Sumu ni suala jingine, na katika suala hilo panya anaweza kweli kumuua nyoka. Dawa nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu isigande, na panya aliyekula chambo hubaki hai siku kadhaa akizunguka kwa uvivu, hivyo huwa rahisi kukamatwa kuliko wenzake. Yeyote anayemtega panya kwenye ghala au jikoni ili amlishe nyoka hana njia ya kumtambua kwa macho. Dawa ya usingizi aina ya pentobabitali, ambayo madaktari wa wanyama hutumia kuua mnyama bila maumivu, nayo hubaki katika nyama, na ndiyo maana panya aliyeuawa kwa sindano ya dawa hiyo hafai kuliwa na kiumbe chochote. Uthibitisho mkubwa kuliko wote wa jinsi panya anavyoweza kubeba sumu unapatikana katika kisiwa cha Guam, kwenye Bahari ya Pasifiki, ambako nyoka wa mitini wa kahawia, aliyeingia kwa bahati mbaya baada ya Vita Kuu ya Pili, aliwamaliza karibu ndege wote wa asili wa misituni. Watafiti waligundua kwamba miligramu 80 za parasetamoli, dawa ambayo watu huimeza kwa maumivu ya kichwa, hutosha kumuua nyoka huyo. Vitoto vya panya vilivyokufa vikatiwa kipimo hicho, vikafungwa kwenye vipande vya karatasi ili vinase matawini, na Desemba 2013 takriban 2,000 kati yake vikadondoshwa kwa helikopta juu ya msitu wa kambi ya kijeshi. Nyoka waliovila wakafa. Mfugaji anapaswa kukumbuka kisa hicho kila anaposhawishika kumpa nyoka wake panya ambaye haijulikani alikula nini.

Meno ya panya aliye hai huleta madhara ya aina nyingine, ambayo madaktari wa wanyama wameyaona mara nyingi mno. Nyoka asiye na njaa, au anayekaribia kujivua gamba na macho yake yameingia ukungu, au aliyepoa kwa sababu kizimba hakina joto, hatamshika panya aliyeingizwa humo, na panya akiachwa usiku kucha bila chakula wala maji huanza kumtafuna. Huanza mgongoni, ambako nyoka hawezi kumzuia, na kufikia asubuhi ngozi na misuli vimeliwa mpaka pingili za uti wa mgongo zinaonekana zikiwa nyeupe. Nyoka hana sauti ya kulia, na wengi hubaki wamejikunja palepale wakisubiri. Jeraha dogo nalo lina matatizo yake, kwa kuwa usaha wa reptilia hauwi majimaji yanayoweza kukamuliwa, bali hujikusanya ukawa donge gumu mithili ya jibini, ambalo halifikiwi vizuri na dawa na hulazimu kupasuliwa na kuondolewa lote. Kumlisha nyoka panya aliyekwisha kufa huondoa mateso ya wanyama wote wawili, na ni vigumu kuona hoja ya maana inayoweza kupinga jambo hilo pale nyoka anapokubali kula mzoga.

Unene pia ni ugonjwa, ingawa hauambukizi. Panya wa maabara walionona, wakitolewa kila wiki kwa nyoka mzima asiyetembea zaidi ya urefu wa kizimba chake, humjaza mafuta kwenye ini. Na vitoto vya panya, ambavyo mifupa yao haijakomaa, vina kalisi kidogo kuliko panya waliokua. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba unene wa windo usizidi sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka.

Inabaki salmonela, na kwayo mambo hugeuka, kwa maana bakteria hao hukaa katika utumbo wa nyoka wengi wazima bila kuwadhuru. Nyoka huugua salmonela hasa pale kinga yake inapoporomoka kwa baridi, msongo au ugonjwa mwingine, na hapo bakteria wanaweza kuingia katika damu au kuharibu mifupa ya uti wa mgongo. Kwa binadamu hali ni nyingine kabisa. Katika miaka iliyozunguka 2009 maofisa wa afya wa Uingereza waliona aina moja isiyo ya kawaida ya salmonela ikiwapata watu wengi, wengi wao wakiwa watoto, na walipofuatilia walikuta kwamba familia nyingi zilikuwa na nyoka au mijusi, kisha wakaikuta aina hiyohiyo katika panya waliogandishwa, walioagizwa kutoka Marekani. Zaidi ya watu 400 waliugua Uingereza, na mwaka 2010 Marekani yenyewe ikapata wagonjwa zaidi ya 30 katika majimbo 17, na panya wa mzalishaji mmoja wakaondolewa sokoni. Miaka iliyofuata aina nyingine iliwapata zaidi ya watu 800 Uingereza, na Februari 2022 nchi hiyo ikazuia panya wa kulishia kutoka Lithuania wasiingizwe nchini.

Sababu ya visa hivyo ni moja: friza, ambayo huua minyoo na utitiri, huihifadhi salmonela ikiwa hai, na bakteria hao huamka panya anapoyeyuka. Panya aliyelazwa juu ya meza ya jikoni ili ayeyuke huacha umajimaji ambao jioni hukutana na kisu cha kukatia kachumbari, na mtoto anayecheza karibu hahitaji kumgusa nyoka ili aambukizwe. Kwa sababu hiyo mamlaka za afya hushauri kwamba watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu wasishike panya hao wala nyoka wenyewe. Panya huhifadhiwa mbali na chakula cha watu, katika chombo chenye kifuniko; huyeyushwa polepole mahali penye ubaridi usiku kucha, kisha hupashwa kwa maji ya moto akiwa ndani ya mfuko, wala hawekwi katika maikrowevu, ambayo humpika sehemu moja na kuiacha nyingine ikiwa barafu ndani, na tumbo lake huweza kupasuka. Hutolewa kwa koleo lisilotumika kwa kazi nyingine. Maji yaliyotumika kumpashia humwagwa chooni, si kwenye sinki la vyombo, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine chochote.